Watu Wasioitikia Shikamoo

Mwezi uliopita niliingia duka la pembejeo hapa Katesh kununua dawa ya kuhifadhia mahindi. Muuzaji, kijana mwenye haraka, akafungua pakiti moja mezani kunionyesha kwamba si feki, na ule unga ukanipanda puani. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani. Aliyepita angedhani nina presha. Sina presha. Harufu ile naijua tangu nina miaka kumi na moja, harufu ya vumbi la dawa juu ya sakafu ya udongo, na kila ikija haiji peke yake, inakuja kama mgeni anayekutembelea na ukoo mzima nyuma yake. Nilikaa mpaka yule kijana akatoka kuniuliza kama bado nachukua. Nikachukua. Mahindi hayangoji mtu amalize kukumbuka.

Nawaandikia wenzangu wa rika langu, tuliokulia kule juu Mbulu miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kufika mnadani kwa marobota na kila mwenye mbuzi wawili akataka kufungua biashara. Siku hizo Manyara lilikuwa jina la ziwa tu, sisi tulihesabiwa Mkoa wa Arusha. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha herufi anisamehe, asome mambo. Na watu nitawataja kwa majina yao. Wengine wameshakufa, wengine wapo na watajisoma humu.

Jambo la kwanza mjue kwamba mimi nilipenda kutishwa. Watoto wengine walipenda pipi. Kwetu Tlawi bibi yangu mzaa baba alikuwa na hadithi za viumbe wanaokaa kwenye chemchemi, wanaomvuta mtu akienda kuchota peke yake jua likiwa utosini. Alizisimulia ili tusicheze kwenye maji. Mimi nilizichukua kama maelekezo ya njia. Saa sita mchana nilikuwa nachukua ndoo, nashuka bondeni peke yangu makusudi, nasimama kwenye matope nasikia ngozi ya kichwa inasisimka. Hakuna kilichowahi kunivuta. Nilipandisha mlima na maji yangu kichwani na huzuni kidogo.

Nilipofika darasa la nne akaletwa Mwalimu Halima, mtu wa Tanga, mwembamba, analalamikia baridi yetu kutwa. Ijumaa baada ya uji alikuwa anatusomea kijitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Humo mlikuwa na watu kutoka nyota nyingine walioshuka kwenye shamba la mtu. Uzuri wake ni kwamba hawaonekani. Mwenye shamba anajua tu wamefika kwa sababu kondoo wanaacha kucheua. Wote, kwa wakati mmoja. Mwalimu alipofika hapo alinyamaza kidogo, na sisi tukanyamaza, na mimi mpaka leo nikiona kondoo amesimama mdomo umetulia naangalia juu.

"Mwalimu, ni kweli hayo?" mmoja wetu akauliza.

"Ni hadithi tu," akasema. Angeishia hapo ningemsifu. Lakini akaongeza, "Ingawa wataalamu huko Ulaya wana madarubini makubwa, wanawatafuta."

Sisi tukaona kama wanatafutwa basi wapo. Mtu hatafuti ng'ombe asiyekuwepo. Mwalimu Halima namwekea lawama ndogo, ila namwekea.

Kila alichosoma Ijumaa nilimpelekea Paskali. Paskali alikuwa mdogo wangu, ana miaka mitano, masikio makubwa, meno ya mbele yameanza kulegea. Kati yangu na yeye mama alizika watoto wawili, kwa hiyo alikuwa anaangaliwa kama yai. Tulikuwa tunachunga ndama pamoja kwenye mteremko, na pale ndipo nilipomsimulia. Alijifunika uso kwa upindo wa kitenge changu, akabaki ameshika kwa vidole viwili.

"Umeogopa?"

"Nimeogopa."

"Niache?"

"Endelea."

Sijapata tena msikilizaji kama yule. Nilikuwa naongeza ya kwangu ili nimsikie anavuta pumzi.

Sasa ndipo anaingia Boay. Daudi Boay alikuwa amefanya kazi kwenye yale mashamba makubwa ya ngano kule Hanang, kulikokuwa na wazungu, akarudi na koti la mvua na sifa ya kujua Kiingereza. Aliuza mavuno yake mawili, akaenda Arusha, akarudi na televisheni, deki, na jenereta iliyokuwa ikikohoa kama mzee wa tumbaku. Akajenga banda la udongo karibu na gulio, madirisha akaziba kwa magunia ili mchana ndani kuwe giza. Watoto kiingilio kilikuwa mayai mawili. Kuku wetu walianza kusemwa kwamba hawatagi.

Boay alisimama pembeni ya televisheni na fimbo, akitafsiri. Baadaye nimejua kwamba Kiingereza chake kilikuwa cha kuendeshea trekta, mbele, nyuma, simama, zima. Mengine yote alitunga. Lakini alitunga vizuri, hilo siwezi kumnyima.

Siku moja ya gulio akatangaza mkanda wa watu wa kutoka nyota. Nilijua ni hadithi ya Mwalimu Halima imewekwa kwenye video. Nikaenda na Paskali, mayai manne kwenye kofia yake. Kwanza nilivunjika moyo. Kwenye kitabu hawaonekani. Kwenye video waliwaleta wazimawazima, vitu vya kijivu vinavyotoka kisimani, vinang'aa kama mpira wa ndani wa tairi uliolowa. Nikaona mgongoni kwa mmoja mahali nguo iliposhonwa. Hakuna kondoo hata mmoja. Nikajisemea aliyetengeneza hii hakusoma mpaka mwisho, au hakuwahi kuchunga.

Halafu wakatokea wengine. Walikuja na gari, wamevaa meupe kuanzia kichwani, uso ni kioo, mdomo umefunikwa, mgongoni wamebeba mitungi yenye mabomba, wanapuliza moshi nyumba kwa nyumba. Hawa hawakuwemo kwenye kitabu. Waliingia kwenye nyumba ya watu, wakamtoa mtoto kitandani, wakampa kitu cha kumeza, wakampakia kwenye gari. Hapo niliogopa kweli. Paskali akanishika mkono akabana.

Inabidi mjue kwamba wiki mbili nyuma bwana afya wetu alikuwa amelifunga banda la Boay kwa sababu halina choo. Bwana afya aliitwa Kaijage, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye pikipiki ya serikali. Boay alichimba shimo kwa hasira, akafunguliwa. Sasa siku hiyo alipowaona wale wa meupe kwenye kioo, akapata pa kupumulia.

"Hawa nao," akasema, akiwagonga kwa fimbo, "ndio mabwana afya wa huko juu. Wameshuka kukagua vyoo."

Banda zima likacheka.

"Msicheke. Wale wa kijivu ni vibarua tu. Mabosi ni hawa. Wakifika kwako utawajua kwa kitu kimoja, ukiwaamkia hawaitikii. Mwambie shikamoo mpaka kesho. Asiyeitikia shikamoo huyo si mtu."

"Na anachompa huyo mtoto ni nini?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Mbegu. Ya rangi mbili. Inaota tumboni."

"Kama bwana afya wetu," mwingine akadakia, "anakupa karatasi, inaota faini."

Wakacheka tena. Watu wazima wote mle ndani walijua Boay anamsema Kaijage. Watoto tulikuwa tumekaa chini mbele, hakuna aliyegeuka kutuangalia.

Ule mkanda nimekuja kuuona tena nikiwa mtu mzima, hapa hapa Katesh, kwenye televisheni ya mwenye nyumba wangu, maneno yametafsiriwa sawasawa. Wale wa meupe walikuwa madaktari. Vile vya kijivu vilileta ugonjwa kwenye kisima, madaktari wakaja kupuliza dawa, wakamchukua yule mtoto, wakampa kidonge, akapona. Mwishoni anaonekana anaendesha baiskeli. Niliangalia mpaka majina yakaisha.

Boay nilimfuata. Wakati huo alishakuwa mwenyekiti wa kijiji, tumbo limemtangulia. Nikamweleza yote. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa deni la baba yake.

"Tere," akasema, "ile ilikuwa mzaha. Watu wote walicheka."

"Watoto hawakucheka."

"Sasa nilikuwa natafsiria watoto?"

Basi. Huyo ndiye Daudi Boay.

Baada ya siku ile ya mkanda, mteremkoni hatukuwa na hadithi nyingine. Paskali aliutaka ule ule, na mimi nikawa Boay, na fimbo. Nikaongeza kwamba ukinyamaza kabisa hawawezi kukusikia, kwa sababu masikio yao yamefunikwa. Tukafanya mazoezi. Alikuwa anaweza kukaa kimya muda mrefu kuliko mtoto yeyote ninayemjua.

Kisha panya wakaanza kufa. Kwetu mahindi yanakaa darini, juu ya moshi wa jiko, na panya ni majirani. Wakawa wanaanguka mchana, wanazunguka kama walevi, wanalala. Tuliwatupa nje, paka akala. Paka naye akafa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mke wa jirani akapata homa na mtoki, siku nne akazikwa. Watu wakasema mengi, kila mtu na adui yake. Ndipo ikapita habari kanisani kwamba ni tauni, kwamba watu wa afya wanatoka mjini Mbulu watapita kila nyumba, wanaoumwa watachukuliwa na gari.

Baba hakuwepo. Alikuwa ameshuka Dirma kuangalia ng'ombe wetu aliowaweka kwa rafiki yake, kama tunavyofanya, mifugo isikae mahali pamoja ikafa pamoja. Alikwenda kwa siku tatu akakaa kumi na mbili, na pombe ya Dirma inajua alikuwa wapi. Naye namwandika.

Paskali alijikwaa kidole, kikawa kidonda, halafu akavimba mtoki kwenye nyonga akaanza kuchechemea. Mama akadhani mtoki ni wa kidonda, watoto wanapata hivyo kila siku. Lakini usiku joto likapanda. Asubuhi mama alikuwa na zamu ya kupika msibani kwa yule jirani, na msiba haukwepeki. Akanisimamisha mlangoni.

"Wale wa afya wanapita leo. Wakifika, waonyeshe mguu wa Paskali. Hapa juu, penye uvimbe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Niwaonyeshe mguu wa Paskali."

"Na usimwache akaenda kwenye umande." Akajitanda shuka, akaenda.

Jua lilikuwa limepanda kidogo gari liliposikika. Watoto wa jirani walipita wanakimbia kwenda kuliona. Mimi nilisimama mlangoni, na Paskali akaja akasimama nyuma ya sketi yangu. Gari likasimama kwa jirani. Wakashuka watu watatu. Meupe mpaka magotini, mabuti ya mpira, barakoa, miwani mikubwa ya plastiki iliyoziba nusu ya uso, na mitungi mgongoni yenye mabomba.

Paskali hakulia. Akauliza taratibu, "Dada, ni wao?"

"Sijui. Nitawapima."

"Kwa shikamoo?"

"Kwa shikamoo. Wewe panda juu kwanza. Wakiitikia nitakuita ushuke, uwaonyeshe mguu."

"Na wasipoitikia?"

"Basi unyamaze."

Akapanda ngazi ya dari na ule mguu wake, anavuta, anapumzika, anavuta. Nilimsukuma kwa chini. Akaingia nyuma ya mahindi. Nikashusha gunia nikaziba.

Walikuja moja kwa moja mpaka mlangoni, hawakusimama uani kama wageni. Aliyetangulia alikuwa mrefu. Nikakunja mikono nikasema, "Shikamoo."

"Wakubwa wako wapi?" Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Shikamoo."

"Mama yuko? Baba?"

Nikasema mara ya tatu, kwa sauti, karibu napiga kelele. "Shikamoo."

Akanipita akaingia ndani.

Mtu wa kwetu ataelewa. Mtu wa mjini atasema mtoto alikuwa mjinga. Lakini mimi tangu nazaliwa sikuwahi kumwamkia mtu mzima akakosa kuitikia. Walevi wanaitikia. Kichaa wa gulioni aliyekuwa anatembea uchi alikuwa anaitikia, tena anakuuliza habari za nyumbani. Hata watu waliokuwa na ugomvi na baba, hawasalimiani naye, mimi mtoto wake waliniitikia. Sikuwa na sababu nyingine ya kuwaza.

Walipuliza sakafu, vitanda, pembe za kuta. Vumbi likapanda mpaka juu. Nilikuwa naangalia gunia la darini, halikutikisika.

"Huko juu kuna nini?" akauliza yule mrefu.

"Mahindi."

"Panya?"

"Wamekufa."

"Mlio humu ni wangapi, watoto?"

"Niko peke yangu."

Akaniinua mikono akanipapasa makwapa, akanibonyeza nyonga. Glavu zilikuwa za baridi. Akatoa vidonge kwenye karatasi, kila kimoja nusu chekundu, nusu cha njano, akaniambia nimeze kutwa mara nne, mama akirudi nimwambie. Mwenzake aliweka mguu kwenye ngazi apande darini kupuliza. Ngazi ikalia. Hapo dereva akapiga honi, mtu ameanguka nyumba ya mbele, wakatoka wote mbio. Nikavitia vile vidonge motoni. Vilitoa moshi wa rangi ya ajabu, nikaona nimethibitisha.

Nilimshusha Paskali. Alikuwa wa moto kama sufuria, midomo ina vumbi jeupe.

"Sikukohoa," akasema.

Mama alirudi jioni amechoka, mikono inanuka moshi. Alianza kuuliza hata kabla hajavua shuka.

"Walikuja?"

"Walikuja."

"Waliuona mguu?"

Nilijua nikisema hawakuuona atambeba usiku huo huo awapelekee. Nilikuwa namlinda. "Waliuona."

"Wakasemaje?"

"Wakasema hana kitu."

"Hawakutoa dawa?"

"Walisema ni kidonda tu, kitapona."

Mama akakaa kwenye kigoda, akashusha pumzi, akacheka kidogo. Nimekaa na kicheko kile miaka yote hii. Alikuwa amekaa msibani siku nzima akimuwaza mwanawe, na mimi nikampa usingizi.

Kesho yake Paskali hakuweza kusimama. Jirani mmoja akamwambia mama ampeleke mjini Mbulu, hospitali, watu wapokezane kumbeba. Mama akasema, "Jana tu wataalamu wamemshika, wamesema hana kitu. Nimbebe kwenye mvua hii nikaambiwe tena lile lile?" Akamkanda kwa maji ya majani. Nilikuwa nimekaa pale. Ningeweza kusema. Niliangalia mguu, nikaona uvimbe umekuwa kama yai, nikafikiri, wamemtia mbegu kwa mbali, kwa ule moshi. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu, hiyo ndiyo taabu ya mtu anayejua hadithi nyingi.

Siku ya tatu mchana mama alimlaza mlangoni apate jua. Nilikuwa namfukuzia nzi.

"Dada, wameondoka?"

"Wameondoka."

Akafumba macho. Mama alikuwa jikoni anapooza uji. Alipotoka nao ulikuwa tayari umepoa vizuri.

Usiku wa maziko mimi nikashikwa na homa. Gari lilikuja asubuhi, maana vifo vilikuwa vimeongezeka, na safari hii hakuna aliyeniuliza. Nilimng'ata dereva. Nilipiga mateke mpaka mjini. Hospitalini walinichoma sindano, wakanipa vile vidonge vya rangi mbili, wakaniziba pua nikameza. Kisha nikalala nikisubiri viote. Nilikuwa najishika tumbo kila asubuhi. Sikuwa naogopa tena, nilitaka tu vifanye haraka.

Siku ya tano au ya sita akaja mtu mrefu akaketi ukingoni mwa kitanda changu, shati la mikono mifupi, anakula njugu kwenye karatasi. Nilimfahamu, ni Kaijage, yule bwana afya. Kwa mazoea nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Leo umeamkaje?" Akanimiminia njugu mkononi. "Unanikumbuka? Nilipita kwenu na wenzangu kupuliza dawa."

Nikamtazama mikono, nikamtazama urefu. Sauti ilikuwa ile ile, imetolewa tu kwenye pipa.

"Mbona siku ile hukuniitikia?"

"Siku ile uliniamkia?"

"Mara tatu."

Akafikiri. Hakujitetea sana. "Sikukusikia. Ukivaa yale madude unasikia unavyopumua wewe mwenyewe tu." Halafu akauliza, kama mtu anayezungumza ili mgonjwa asichoke, "Nimeambiwa mmefiwa na mdogo wako. Pole sana. Siku ile tulipokuja yeye alikuwa wapi? Uliniambia uko peke yako."

"Darini," nikasema.

Aliacha kutafuna. Akaikunja karatasi ya njugu akaiweka mfukoni, akainuka akaenda kusimama dirishani. Hakuniuliza kwa nini. Mpaka leo sijui kama alielewa, au alidhani ni woga wa sindano. Mimi hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa na njugu mdomoni, sikujua nizimeze au nizitoe.

Nilipopona ni yeye aliyenirudisha, na lile gari. Uani kwetu kulikuwa na watu, baba amesharudi kutoka Dirma amekaa pembeni, majirani wanapukuchua mahindi. Kaijage akanishusha, akanikalisha kwenye kigoda, akavua kofia kutoa pole. Mama alikuja mpaka mbele yake. Hakumpa mkono.

"Wewe ndiye uliyepita hapa kupuliza dawa?"

"Ni mimi, mama."

"Ukamwona mwanangu."

Kaijage akanitazama mimi. Si kwa ukali, ni kama mtu anayepima mzigo kwa macho kabla ya kuuinua. Kila mtu uani alikuwa ameacha kupukuchua. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Nilimwona," akasema.

"Ukasema hana kitu."

"Nilisema hana kitu, mama. Nilikosea."

Mama akatema mate chini, karibu na mabuti yake. "Usikanyage tena hapa."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi garini. Gari halikuwaka. Kwetu gari likikwama watu wanasukuma hata kama ni la adui, lakini siku hiyo hakuna aliyenyanyuka. Alishuka akalisukuma mwenyewe, dereva ndani, mabuti yanateleza kwenye tope, shati limemganda mgongoni, mpaka likashika mteremko.

Habari ikapanda mpaka kwa wakubwa wake, na kabla ya mavuno alikuwa amehamishwa, wapi sikusikia. Msimu uliofuata wapuliza dawa walipokuja Tlawi mama alikuwa mbele ya wanawake waliowafukuza kwa mawe. Tauni ikarudi, nyumba mbili zikazika watoto mwaka ule. Nimewataja Boay na baba na Mwalimu Halima. Kaijage naye namtaja, kwa sababu ule mzigo haukuwa wake, na alipoubeba aliondoka nao mahali ambapo sikuweza kumfuata kuudai. Angeuacha pale uani ningechapwa, ningelaaniwa labda, na mambo yangekuwa na mwisho.

Mama alifariki mwaka jana, nikimuuguza mimi. Maneno yalikuwa yameshamwishia, amebaki na majina. Siku tatu kabla, nikimnywesha maji kwa kijiko, alinishika mkono akasema, "Kaijage. Alimwona mwanangu akasema hana kitu. Usimsahau mtu huyo."

Nikamwambia, "Sitamsahau, mama." Nikamfuta mdomo, nikamnywesha kijiko kingine.